Nyumba ya Makuti Sironga: Maisha ya Mwalimu Manasseh Onyiego Mogire, 1961–2025

Mchungaji, wazee wa ukoo, wakwe zetu mliosafiri kutoka Mwambweni pwani, majirani wa Sironga, walimu na wanakwaya, nawasalimu katika jina la Bwana. Mimi ni Persis Nyanchoka, dada mkubwa wa marehemu, mwenye duka la vitambaa mjini Nyamira. Nimeombwa nisome maisha ya ndugu yangu kwa Kiswahili ili wakwe waelewe, na nimeombwa pia nisome kwa upole. Kiswahili nitajaribu.

Mwalimu Manasseh alikuwa mtu mwema. Naanza na hilo nisije nikalisahau huko mbele, kwa sababu alikuwa pia mtu wa kuchosha. Nimegombana naye tangu ajue kusema, na wiki nzima hii, hata akiwa mochari, ametugombanisha. Nyote mnajua sababu. Ni kile kipande cha chini, penye maji, alichogawiwa na baba, ambacho ndugu yetu mdogo Osoro alitaka kukipanda mikaratusi. Wengine mmekuja leo kuomboleza, wengine mmekuja kusikia tumeamuaje. Nitafika huko. Kaeni.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1961 hapa hapa Sironga, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Mogire, aliyekuwa mzee wa kanisa, na marehemu Mama Bosibori. Mimi nilikuwa na miaka minne na nilikuwa nimeomba dada. Nikapewa yeye. Siku hizo kinamasi cha Sironga kilikuwa kikubwa. Maji yalifika mpaka chini ya migomba ya mama, na tulikuwa tunachota pale lilipo hema la wapishi leo. Korongo, wale ndege warefu wenye taji la dhahabu kichwani, walikuwa wengi kama kuku wa jirani. Ng'ombe walilisha katikati yao na hakuna mtu aliyegeuza shingo.

Hakuna isipokuwa mmoja. Marehemu alianza shule ya msingi mwaka 1968, na njia ya shule ilipita kando ya kinamasi. Mimi ndiye niliyekabidhiwa mkono wake, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanza. Wale ndege wana kawaida ya kucheza. Mmoja anainama, mwenzake anainama, kisha wote wawili wanaruka juu mabawa wazi, na wanaanza tena. Manasseh akiwaona alikuwa anasimama, na akisimama hang'oki.

"Manasseh, tutachelewa! Tutachapwa!"

"Ngoja wamalize, dada."

"Hao hawamalizi! Hao hawana kengele!"

Tulichapwa wote wawili, mimi kwa kosa la mguu wake. Mama alipoona alama kwenye miguu yangu alimshika sikio, akamwuliza, "Wewe, hao ndege ndio watakaokupa chakula?" Akajibu kwa adabu kabisa, "Hapana, mama. Utanipa wewe." Jamani, mtoto kama huyo unamfanya nini? Mama alicheka mpaka akaliachia sikio, na mimi sikuchekewa wala sikupewa pole.

Alifanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1974, akaendelea na shule ya upili kule Birongo, akikaa kwa shangazi yetu, na akamaliza kidato cha nne mwaka 1978. Baba alitaka awe karani katika kiwanda cha majani chai, kazi ya kivulini, karibu na nyumbani. Yeye akaingia chuo cha ualimu mwaka 1981, akahitimu 1983. Januari 1984 alipangiwa shule ya msingi ya Mwambweni, pwani ya Kilifi. Hapa nyumbani palikuwa kama kuna msiba. Baba aliomba sala ndefu, mama alimfungia ndizi za kupika kana kwamba anakwenda mahali pasipo na watu, na yeye akatuahidi kwamba atakaa miaka miwili kisha aombe uhamisho. Alirudi mwaka 2021.

Wakwe zetu wanaijua Mwambweni, lakini niwaeleze hawa wa kwetu. Ni kijiji kilichobanwa kati ya bahari na msitu wa mikoko. Miezi ya kusi kuna upepo na mawimbi makubwa. Ikija kaskazi, joto linashuka mpaka unatamani kuvua ngozi. Nilifika huko nikakaa juma moja, na usiku nililala sakafuni kama gunia. Watu wake ni wapole, wanaongea polepole na hawamalizi kusalimiana. Ukiuliza njia unaulizwa kwanza habari za watoto. Mtu wa Sironga, aliyezoea kupita haraka na jembe begani, angefanya nini mahali kama hapo? Ndugu yangu alipapenda siku ya kwanza.

Wiki yake ya kwanza, mwanafunzi alimletea zawadi ya mayai, meupe, ya mviringo kabisa. Alichemsha asubuhi yote na ute haukuganda. Akayabeba darasani kuuliza haya ni ya kuku gani. Watoto walicheka mpaka kipindi kikaisha, kisha wakampeleka ufukweni kumwonyesha kuku mwenyewe, naye ni kasa, mkubwa kuliko meza ya mwalimu, anayepanda kutoka baharini kuzalia mchangani. Hakuyala yale mayai. Majuma machache baadaye, jioni, aliwaona watoto wa kasa wakitoka mchangani. Mtoto wa kasa hufuata mwangaza, na zamani mwangaza ulikuwa bahari yenyewe. Lakini hoteli moja jirani iliwasha taa zake, na wale watoto wakaanza kupanda kuelekea barabarani badala ya kuteremka majini. Manasseh alivua viatu akaanza kuwageuza, mmoja baada ya mwingine. Mnawajua walimu. Akiona darasa linaelekea pabaya hawezi kunyamaza. Nadhani hapo ndipo tulipompoteza.

Tangu siku hiyo, barua zote alizotuandikia zilikuwa za kasa. Baba anaumwa mgongo, jibu linakuja kuhusu kasa. Mimi nimejifungua, pongezi mistari miwili, kisha kasa aliyenaswa kwenye jarife. Mtu asiyejua kuogelea! Mtu wa milimani, anayeogopa mto Gucha! Alifukuzwa na meneja wa hoteli, akarudi. Alichekwa na wavuvi, akarudi. Mwisho wa yote zile taa zilifunikwa, wavuvi wakaanza kuwaachia kasa walionaswa, na watoto wa shule wakawa walinzi wa viota. Alifundisha huko miaka thelathini na saba, akastaafu akiwa mwalimu mkuu, na hakuomba uhamisho hata mara moja. Nilimwuliza kwa nini. Akasema alisahau.

Mwezi Desemba 1990 marehemu alifunga ndoa na Sidi, binti wa Mzee Karisa wa Mwambweni. Hapa napo tulitoka jasho. Kwa desturi ya wakwe zetu, posa haipokelewi bila mtungi wa mnazi kwa wazee, na mnazi ni pombe. Baba yangu, mzee wa kanisa tangu ujana, akasema afadhali Manasseh afe kapera. "Mimi? Nibebe pombe? Kwa mikono hii ninayoshikia Biblia?" Mzee Karisa, aliyepo pale kiti cha mbele, Mungu azidi kumpa umri, akajibu kwa upole wa pwani, "Hatukumwambia anywe. Tumemwambia alete." Wakakaa hivyo kutwa, mmoja akitazama bahari, mwingine akitazama ukuta, na bwana harusi yuko wapi? Bwana harusi yuko ufukweni, kuna kiota kinafukuliwa na mawimbi. Ule mtungi niliubeba mimi. Mchungaji, hilo tutaongea Sabato. Ndoa ilibarikiwa kwa watoto wawili, Brandon aliyezaliwa mwaka 1991 na Gesare aliyezaliwa 1994.

Miaka ya mwisho ya kazi yake haikuwa rahisi. Bahari ilikula kiwanja cha mpira cha shule, kisha ikala safu ya minazi iliyokuwa nyuma yake. Yeye na wanafunzi wakapanda mikoko, mawimbi yakang'oa, wakapanda tena. Mchanga nao ulikuwa moto kuliko zamani na watoto wa kasa walikuwa wanafia ndani ya mayai, basi akawajengea vivuli vya makuti juu ya viota. Kumbukeni hayo makuti.

Kwa maana alipostaafu na kurudi Sironga mwaka 2021, ilibidi ajenge. Kwa miaka yote hiyo tulikuwa tunamwambia: Manasseh, jenga. Mwanamume wa kwetu anaweza kufanya kazi hata mwezini, lakini awe na nyumba kwao, kwa sababu siku ya mwisho atarudishwa, na atarudishwa wapi? Osoro alimwambia hivyo kila Desemba. Basi akajenga. Alijenga chini kabisa, kwenye kile kinundu kilicho kando ya kinamasi, mlango ukitazama maji badala ya kutazama boma la baba. Na aliezeka kwa nini? Makuti! Alipakia makuti kwenye lori kutoka Kilifi mpaka hapa, ambapo mvua inanyesha kila alasiri kama imeajiriwa. Fundi wetu alikataa kupanda juu akisema hajui lile ni paa au ni chakula cha ng'ombe. Watu walitoka mpaka Nyamache kuja kutazama. Mvua za kwanza zilivuja kidogo, za pili zikaotesha uyoga, na mvua za tatu Sidi alikuwa anapika na mwavuli.

Niseme neno kuhusu Sidi. Huyu mama aliacha joto lake akaja kwenye baridi yetu, akavaa leso mbili juu ya sweta na sweta juu ya leso, na hakulalamika. Alitia nazi kwenye chinsaga, mboga yetu chungu ya mgagani. Wanawake wa mlima huu tulisema haijapata kutokea, chinsaga kutiwa nazi, tukaonja ili tupate la kusema, na sasa kila anayetoka pwani anaagizwa nazi. Alimpenda ndugu yangu zaidi ya nilivyoweza mimi, maana mimi nilimpenda nikiwa nimekasirika.

Sasa kinamasi. Marehemu alikuta kimebaki kidogo. Huku kuna watu wanachoma matofali, kule kuna mikaratusi, na kila mkaratusi unakunywa kama umetoka jangwani. Korongo waliobaki walikuwa wanazalia kwenye kipande chake tu, kwa sababu ndicho kilichobaki na maji. Baba alimgawia pale kwa kuwa hakuwepo. Walio nyumbani walipata udongo mwekundu, yeye akapata vyura. Osoro alimwendea mwanzoni kwa heshima. Alimwambia, "Kaka, tupande mikaratusi ya nguzo za stima hapo chini, miaka minane tu tunavuna." Marehemu akasema hapana, ndege watakaa wapi. Osoro akasema, ndege wana mabawa. Basi ikawa vita. Ndugu yangu, aliyewashawishi wavuvi wa bahari nzima, hapa kwao hakumshawishi hata mtu mmoja. Aliwapigia watu kelele njiani. Aling'oa vigingi vya mipaka. Alisimama kanisani wakati wa matangazo akahubiri kuhusu korongo mpaka mkalimani wa Ekegusii akakaa chini. Nilimwambia, "Manasseh, unatuaibisha." Akasema, "Dada, siku moja mtachota maji wapi?" Nikamwambia tuna bomba. Akaniuliza bomba linatoa maji wapi. Niliondoka na hasira zangu.

Kuanzia mwaka 2023 marehemu alisumbuliwa na kifua. Daktari alimwambia asilowe na asishike baridi. Ungemwambia chura hivyo hivyo. Katikati ya mwezi wa Aprili mwaka huu, mvua ikiwa ile ya kumwaga kwa ndoo, aliona mbwa wakizunguka kiota cha korongo, naye akaingia kinamasini kwa miguu mitupu, akazungushia miiba siku nzima. Alipotoka alikuwa anatetemeka. Alipelekwa hospitali mjini Kisii akiwa na homa ya mapafu, na madaktari walifanya yote waliyoweza. Tunawashukuru.

Nilimtembelea Jumatatu alasiri. Alikuwa mdogo sana kitandani. Akaniita.

"Dada."

"Sema."

"Wameangua?"

"Nani wameangua?"

"Wale wa kule chini."

"Manasseh! Una mpira wa oksijeni puani na unaniuliza habari za ndege? Pumua kwanza!"

Akatabasamu, akapumua, kwa kunifurahisha tu. Alfajiri ya Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, alilala usingizi wa mauti, mkono wake ukiwa katika mkono wa Sidi. Watu wananiambia, Persis, wewe ni mgumu, hujalia. Nimelia. Nimelia dukani, kwenye vitambaa vya watu, na imenibidi kufua.

Sasa nifike pale mnapopangojea. Jumapili iliyopita familia ilikaa. Kwa desturi yetu, mwili wa mtu mzima hauletwi ukalazwa mbele ya nyumba isiyo na paa. Ni aibu, tena ni mkosi. Ile ya marehemu makuti yalikwisha kuoza, na pale juu palikuwa na turubai tu. Osoro ndiye aliyesimama kidete akasema ndugu yake hataletwa kwenye gofu. Alikwenda Nyamira akaleta mabati, akapanda juu mwenyewe, akapigilia mpaka jua likazama, na nilimwona akifuta macho kwa mkono ulioshika nyundo. Nalisema hadharani ili mtu asiseme kwamba hakumpenda kaka yake.

Lakini aliposhuka tu ngazi, akasema kaburi lichimbwe huku juu, kando ya kaburi la baba, karibu na barabara. "Chini kuna maji," akasema. "Na mtu amekaa pwani maisha yake yote, hapa ana boma gani? Asiyekuwapo na lake halipo." Kila mtu alielewa. Manasseh akilala huku juu, kipande cha chini kingekuwa hakina mwenyewe. Sidi angerudi Mwambweni bila mume na bila kwake, na ile miche ya mikaratusi, iliyokuwa imeshapangwa nyuma ya jiko la Osoro, ingepandwa kabla ya maua haya kunyauka.

Niliingia jikoni nikiwa nachemka. Sidi alikuwa anachambua chinsaga.

"Wifi, usigombane."

"Nitagombana!"

"Mwalimu naye alianza hivyo hivyo kwetu," akasema, bila kuinua macho. "Alikuja na makaratasi ya sheria, faini na kifungo. Wavuvi wakafungia samaki yale makaratasi. Mwaka mzima hakuna aliyemsikia. Ndipo dada yangu akajifungua. Mwalimu akaona nyumba nzima inatembea kwa vidole, mzazi hasumbuliwi, mzazi hapigiwi kelele, mpaka arobaini itimie. Akaenda kwa wazee akawauliza, kwenu nyinyi mzazi anasumbuliwa? Wakasema hasha, ni laana. Akasema, basi yule aliyepanda jana kutoka majini akazalia mchangani kwenu, yeye ni nani? Tangu hapo kiota cha kasa kwetu kina arobaini yake, na ikiwa haijatosha kinaongezewa. Sheria ni ile ile yetu, wifi. Yeye alituonyesha tu."

Nikamwuliza, kama alikuwa na akili hiyo, mbona hapa Sironga alikuwa anapiga kelele kama mwendawazimu?

"Hapa ni kwao," Sidi akasema. "Kwao mtu hupiga kelele tu."

Nilinawa mikono. Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa Mzee Nyamongo, mkubwa wa wazee wa ukoo, nikaomba wakae na Osoro awepo. Nikasema nina swali moja tu. Wazee wakatazamana, maana hawajawahi kunisikia na swali moja.

"Mzee, mtu asiye na nyumba anazikwa wapi?"

"Kwa baba yake."

"Na mwenye nyumba?"

"Kwenye boma lake, upande wa kulia wa nyumba yake. Hilo hata mtoto wa kunyonya analijua."

"Na nyumba ni nini?"

"Persis, umesema swali moja."

"Ni lile lile, linaendelea."

"Nyumba ni kuta, mlango na paa."

"Ile ya Manasseh ina paa?"

Mzee Nyamongo akageuka polepole. "Osoro, ina paa?"

Osoro alitazama viatu vyake. "Ina," akasema.

"Nani ameezeka?"

"Si ni nyinyi mnaosema lazima..."

"Nimeuliza nani ameezeka, kijana."

"Mimi."

Wazee hawakucheka, kwa heshima ya msiba, ila mmoja alikohoa muda mrefu. Osoro alijaribu tena habari za maji. Jumanne wachimbaji walishuka kwenye kile kinundu, wakachimba mpaka kimo cha mtu, na wakapata udongo mwekundu mkavu kama wa huku juu. Ndipo nilipoelewa kwa nini yule mkaidi alijenga pale. Basi mmesikia. Marehemu analala kwake, kulia kwa nyumba yake, nyumba ikiwa na paa. Boma lenye kaburi la mwenyewe ni la mke wake na watoto wake, na hakuna wa kuingia na miche hapo. Brandon ameulizwa na wazee mbele ya mama yake, naye amejibu, "Hiyo maji haiendi mahali." Kiswahili chake ni cha Nairobi, lakini kimeeleweka.

Osoro, ndugu yangu, usiinamishe kichwa. Ulimjengea kaka yako nyumba, na hakuna aliyemfanyia jambo kubwa kuliko hilo. Kule juu kwenye mawe, karibu na barabara, pamekaa bure. Peleka miche yako huko. Nitakuja kukushikia kamba ya mistari, na tutagombana vizuri.

Marehemu ameacha mjane, Sidi. Watoto wawili, Brandon na Gesare. Mimi dada yake, Persis. Ndugu yake, Osoro. Baba mkwe, Mzee Karisa. Wapwa na binamu wengi. Wanafunzi wa Mwambweni ambao baadhi yao ni wazazi sasa. Na kinamasi, ambacho ametuachia sote, tupende tusipende.

Haya ya mwisho hayamo kwenye karatasi mliyonayo, kwa sababu ilichapwa jana. Leo asubuhi, kabla hamjafika, nilivaa gambuti za marehemu nikashuka mwenyewe mpaka kwenye ile miiba. Manasseh, uliniuliza nikakwambia upumue kwanza. Wameangua. Wawili, rangi ya vumbi, miguu mirefu isiyojua iende wapi, wanawafuata wazazi kwenye majani. Nikasema basi, nimeona, niondoke. Ndipo wale wakubwa wakaanza kucheza. Mmoja akainama, mwenzake akainama, wakaruka. Gesare alikuwa ananiita kutoka juu, "Shangazi, gari la mwili limefika barabarani! Tutachelewa!" Na mimi mguu ukakataa kung'oka. Nikamjibu, ngoja wamalize.

Lala, ndugu yangu, mpaka Bwana atakapokuita kwa jina. Na siku hiyo, tafadhali, usichelewe.